Shemeji na Chupa ya Oili

Shemeji yangu ndiye fundi mkuu wa karakana yetu ya ndege ndogo. Ukitaka kumwona akifanya kazi, njoo siku ya kupiga picha. Siku nyingine utamkuta miguu juu ya meza, kikombe cha chai mkononi, akiwahubiria wenzake kuhusu heshima ya taaluma.

Kiti hicho kilikuwa cha marehemu mume wangu, kaka yake. Sanduku la zana pia. Tulipomaliza kumzika, wanaume waliketi wakagawana: yeye akapata kiti na sanduku, mimi nikapata ufagio na beseni la kuoshea vyuma, nikaambiwa nishukuru. Huu mwaka wa kumi na mbili, bado nashukuru.

Kuna kitu hawakukiona, hivyo hawakukigawana. Mume wangu alikuwa akinisimulia kazi yake akila. Breki ya ndege, alisema, ni oili inayosukuma chuma, na kinachoizuia isivuje ni sili, kipete cha mpira tu. Huiloweshi ila kwa oili nyekundu ya ndege. Huioshi kwa petroli. Ikishatolewa hairudi, hata ionekane nzima vipi. Na oili ya breki ya gari usiisogeze karibu: kwa mpira ule ni sumu.

Basi oili nyekundu ikaisha, maana mwenye kuagiza alikuwa anahubiri. Ndege ya watu sita ilikuwa juu ya jeki, breki imefunguliwa, na baada ya siku nne iruke kwenda kwenye kiwanja kifupi kinachoishia korongoni. Nikamwona shemeji anatoa chupa kwenye buti la gari lake.

"Shemeji, hiyo si ya gari?"

"Oili ni oili. Wewe ukikosa mafuta ya chupa hii, si unapikia ya chupa ile?"

"Mpira utavimba."

Akawageukia wenzake. "Jamani, ufagio umepata digrii!"

Walicheka hadi mmoja akapaliwa na chai.

Nikachukua sili mbili mpya na glasi mbili. Moja nikaiweka kwenye masalio ya oili nyekundu, ya pili kwenye oili ya shemeji. Nikazificha nyuma ya mafagio, mahali ambapo hajawahi kufika.

Siku ya nne rubani akaja kuikagua ndege, binti mwenye adabu zake.

"Mama, za kazi?"

"Kazi nzuri, mwanangu. Breki ndiyo sina hakika nayo."

Nikamletea glasi, nikamweleza kila moja ina oili gani. Sili ya kwanza ilitoka kama ilivyoingia. Ya pili ilikuwa imefura, laini, ukiibonyeza kwa ukucha inabaki alama.

"Na kwenye ndege mmeweka ipi?" akauliza.

Nikamtazama shemeji. Shemeji akatazama dari.

Breki ikafunguliwa. Sili zilikuwa zimefura kama mdomo wa aliyeumwa na nyuki, pistoni imeng'ang'ania. Safari ikaahirishwa, na watu sita wakarudi makwao wakilalamika, wazima.

Meneja akaitisha kikao. Shemeji akasimama na glasi zangu, moja kila mkono, akaeleza kirefu "jaribio tulilolifanya". Akapigiwa makofi, akapewa cheti. Mimi nikaambiwa nizioshe zile glasi.

Ila meneja aliagiza pia oili zote zifungiwe stoo, ufunguo akae nao anayewahi kazini kuliko wote. Wakatazamana. Anayewahi ni mfagiaji.

Sasa cheti kiko ukutani, nami nakipangusa vumbi kila Jumatatu. Ufunguo uko shingoni mwangu. Na kila asubuhi fundi mkuu anashusha miguu mezani, anakuja hadi kwenye beseni langu.

"Shemeji, naomba oili."

"Ya nini?"

"Ya breki."

"Oili si oili tu? Ipi?"

Anageuka kuangalia kama wenzake wanasikia. Wanasikia.

"Nyekundu," ananong'ona.

"Sema kwa sauti, shemeji. Ufagio ni mzito wa masikio."