Mama Mkwe na Oili ya Difu

Mama mkwe wangu alinikuta nimelala chali chini ya gari, miguu tu ikiwa nje. Nilisikia hodi getini, nikaitikia karibu nikidhani ni jirani, kisha nikaona ndala za kijani na pindo la leso vimesimama karibu na tairi la nyuma. Ndala zile nilizijua. Mwenye nazo anaishi Koboko, na si kawaida yake kuja Arua bila kupiga simu.

"Nani iko huko chini?" akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Mume yako iko wapi?"

"Iko Oraba, mama. Kazini."

"Na fundi iko wapi?"

"Fundi hakuna. Ni mimi tu."

Mimi ni mtu wa Logiri, lugha yangu ni Kilugbara. Yeye anaongea Kikakwa na Kinubi. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha: chake alikipata utotoni kambini, maana baba yake alikuwa askari na mume wake pia alikuwa askari, changu nimekiokota sokoni na kwenye zahanati ninakopima damu na mikojo ya watu. Hakuna kati yetu anayejali sana sarufi yake. Lakini mpaka siku ile, miaka yote tangu niolewe, tulikuwa tumezungumza maneno machache tu: habari ya nyumbani, watoto hawajambo, chakula kiko tayari. Alikuwa na adabu kwangu na mimi nilikuwa na woga kwake.

Kwa hiyo nilibaki chini ya gari nikijifanya nina kazi nyingi.

Gari lenyewe ni dogo, la buluu, lenye turbo ya kuongeza nguvu, na injini yake inasukuma magurudumu yote manne. Mume wangu alilinunua akiamini ataliendesha yeye. Lakini yeye ni wakala wa forodha mpakani, siku nzima yuko kati ya malori na makaratasi, na alipogundua kwamba gari liko chini sana kwa mashimo ya huko, alirudi kwenye pikapu yake. Funguo zikabaki kwangu. Nikaanza kuliendesha kwenda kazini, kisha nikaanza kupenda kuliendesha, kisha rafiki yangu mmoja akanipeleka kwenye uwanja wa vumbi nje ya mji ambako vijana hushindana kwa magari kuzunguka matairi yaliyopangwa. Nilikwenda kutazama. Mara ya pili nilikwenda kushiriki.

Jumamosi ya wiki ile kulikuwa na mashindano, na gari lilikuwa halina raha. Gia ya pili ilikuwa ngumu kuingia asubuhi, mpaka uibembeleze. Nikipanda kilima, huku nyuma kulikuwa na mvumo kama wa nyuki ndani ya mzinga. Niliuliza waliolileta gari nchini, hakuna aliyejua oili ya gia boksi na ya difu ilibadilishwa lini. Basi nikanunua oili mpya, nikatazama video kwenye simu, nikaomba ruhusa ya siku moja kazini. Fundi wa kuchomelea vyuma alinitengenezea stendi nne, nikaliinua gari likakaa sawasawa, maana likiinama upande mmoja hutajua kama oili imejaa.

Hapo ndipo ndala za kijani zilipoingia.

"Sasa wewe nafungua ya kujaza kwanza," akauliza mama mkwe, akiwa amekwisha kuona chupa za oili na karai, "ama wewe nafungua ya kumwaga?"

Nilitoa kichwa nje nikamtazama. Sikutegemea swali lile. Nilitegemea aulize kama nimepika.

Maana difu, lile boksi la meno lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, lina nati mbili. Moja iko chini, ya kumwagia oili. Nyingine iko juu kidogo, ya kujazia. Ukifungua ya chini kwanza, oili yote ikamwagika, halafu ya juu ikakataa kufunguka, gari lako limekwisha. Haliwezi kwenda popote, hata kwa fundi.

"Ya kujaza nakataa, mama," nikamwambia. "Toka asubuhi nakataa. Kwa hivyo ya kumwaga mimi sijagusa."

"Vizuri," akasema. Akaweka mfuko wake chini, akavuta kigoda, akakaa karibu na tairi. "Watu mingi nagusa."

Nikamuuliza mambo hayo aliyajulia wapi. Akaniambia kama mtu anayeeleza habari za jana. Baba mkwe wangu, ambaye sikumkuta hai, alikuwa dereva wa malori jeshini. Walipokimbilia ng'ambo ya mpaka wakati wa vita, aliishi kwa kutengeneza malori ya wafanyabiashara, na hakuwa na msaidizi ila mke wake. Yeye ndiye aliyeshika faneli. Yeye ndiye aliyepokezana naye spana, huku mtoto amefungwa mgongoni, na mtoto huyo ndiye mume wangu.

"Yeye nasema, mimi nafanya," alisema. "Mwisho, hata kama hakusema, mimi nafanya."

Akaniomba nyundo. Nilidhani atanipa maelekezo tu, lakini alijifunga leso vizuri, akapiga magoti, akaingiza mkono wake kando ya wangu. "Gonga kwanza, pole pole, kama unabisha mlango na mutu amelala. Kutu naamka." Nikagonga kuzunguka nati. Kisha akauliza kama nina bomba. Nyuma ya choo palikuwa na kipande cha bomba la chuma kilichobaki tulipovuta maji. Akaenda mwenyewe kukileta. Tukakivisha kwenye mkono wa spana ili uwe mrefu, mimi nikashika karibu, yeye akashika mwisho, tukavuta pamoja.

Kitu kikalia tak. Nikafumba macho, nikijua nimevunja.

"Imefunguka," akasema mama mkwe.

Nilifumbua macho. Kweli ilikuwa imefunguka, inazunguka kwa vidole. Tulitazamana pale chini, uso wake una alama ya vumbi puani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona akicheka mpaka meno ya nyuma.

Nikafungua ya kumwagia. Oili ikatoka nyeusi, ikatiririka kwenye karai, na harufu yake ikapanda. Oili ya gia ina harufu yake mbaya, kama mayai yaliyooza yaliyochanganywa na mpira uliochomwa. Nikageuza uso. Mama mkwe hakugeuza. Alibaki ameinama juu ya karai, nikafikiri amepata kizunguzungu.

"Mama, iko sawa?"

"Iko sawa." Akavuta pumzi tena, polepole. "Baba yake ilikuwa inanuka hivi. Shati yake, mikono yake, hata mto ya kulala. Mimi nafua, nafua, haitoki. Mimi nagombana na yeye kwa sababu ya harufu hii." Akatabasamu. "Miaka mingi sijasikia."

Nikavuta karai kidogo upande wake.

Oili ya difu haitaki haraka, unaiacha idondoke mpaka tone la mwisho. Muda wa adhuhuri ulikuwa umefika. Aliosha mikono kwa sabuni ya unga, akasugua mpaka kwenye viwiko, akachukua udhu, akatandika mkeka kivulini kwa ukuta, akaswali. Mimi nikasogea mbele kwenye gia boksi. Kwenye gari hili gia boksi na difu ya pili, ile ya magurudumu ya mbele, vinakunywa oili moja, na nati yake ya kumwagia ilitoka bila ugomvi. Nilikaa kwenye vumbi kati ya makarai mawili yanayodondokewa na oili, nikimsikiliza akinong'ona dua, na mbuzi wa jirani akilia ng'ambo ya ukuta. Mimi ni Mkristo. Tulipooana mimi na mwanawe yalisemwa mengi pande zote mbili. Pale hakukuwa na mtu wa kusema lolote.

Alipomaliza alikuja akataka kuona nati za kumwagia. Ncha zake zina sumaku, ya kukamata vumbi la chuma. Zilikuwa zimefunikwa na tope laini la kijivu. Nilizoea kutazama vitu vidogo, ndiyo kazi yangu, nikawasha taa ya simu nikatafuta vipande. Yeye akachukua tope kidogo akalisugua kati ya kidole na dole gumba, kama anavyopima unga uliosagwa.

"Laini," akasema.

"Mimi pia sioni vipande."

"Basi meno yake iko mzima."

Tulifuta nati, tukazirudisha, tukazikaza. Mpaka hapo tulikuwa tunapatana kama marafiki wa zamani. Ugomvi ulikuja nilipofungua chupa ya oili mpya. Alidondosha kidogo kiganjani, akainamisha kiganja, ikakimbia mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Hii iko maji. Hii ni oili ya cherehani. Umedanganywa dukani."

"Hapana, mama. Kitabu ya gari nasema hii."

"Lori ya baba yake nakula oili nzito kama asali."

"Lori nabeba mawe, mama. Hii nabeba mimi tu."

Alifikiri. Alitazama gari, akanitazama mimi kuanzia kichwani mpaka miguuni, jinsi nilivyo mwembamba, kama vile anapima mzigo. "Na mimi," akasema. "Leo nabeba mimi pia. Wewe narudisha mimi Koboko na hii gari."

Akashika faneli bila kuambiwa. Gia boksi tulilijaza kwa juu, katika tundu la kijiti cha kupimia. Difu ilikuwa na kazi zaidi, maana tundu lake liko pembeni na chupa haifiki. Nilifunga mpira mrefu kwenye faneli, nikaingia chini na ncha yake, yeye akasimama nje ameinua faneli juu ya bega kama mtu anayebeba ndoo.

"Bado?" akauliza.

"Bado."

"Mkono yangu nachoka."

"Bado kidogo, mama. Sasa inamwagika."

"Wacha imwagike mpaka iwe uzi. Hapo imeshiba."

Ikawa uzi, nikafunga.

Tulikula tulichokuwa nacho, muhogo na simsim iliyosagwa aliyoileta kwenye mfuko, nikashusha gari, nikanawa, tukaondoka. Mjini nilikwenda taratibu katikati ya boda boda. Gia ya pili iliingia kama kisu kwenye siagi, nikairudia bila sababu, ya pili, ya tatu, ya pili tena, mpaka akaniuliza kama kuna tatizo. Tulipotoka nje ya mji lami ikanyooka. Kwenye mlima wa kwanza nilitega sikio kutafuta ule mvumo wa nyuma. Ulikuwapo bado, lakini umepungua sana, ungedhani nyuki wamehama na kumwacha mmoja.

"Kanyaga," akasema mama mkwe.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Hii gari nalala. Barabara iko tupu. Kanyaga kidogo."

Nikakanyaga. Turbo ikavuta pumzi, tukabanwa kwenye viti, na yeye akashika leso yake kichwani kwa mkono mmoja na mlango kwa mkono mwingine. Nikapunguza kwa ajili ya ng'ombe waliokuwa wakivuka. Ndipo akaniambia kwa nini amekuja.

Habari zilikuwa zimefika Koboko. Ndugu mmoja alikuwa ameonyeshwa picha yangu kwenye simu, nimevaa kofia ngumu, gari liko pembeni limejaa vumbi. Ukoo ukakaa. Wakasema mke wa kijana wetu anakimbiza magari uwanjani na wanaume, na mume wake hayupo, aende mama yake akaongee naye. Ndiyo maana hakupiga simu. Alitaka kunikuta nilivyo.

"Basi, mama, wewe nasema nini sasa?"

"Mimi nasema nini?" Alitazama nje ya dirisha, mashamba ya mihogo yakipita. "Mimi natoka nyumbani na maneno mingi. Halafu nakuta nati imekataa." Akacheka kidogo. "Mume yako najua?"

"Anajua. Kofia ni yeye alinunua."

"Basi. Mimi nasema kwao, mama yake amekaa ndani ya gari, ameona."

Tulipofika Koboko hakutaka kushuka. Alisema kwa kuwa tumeshafika hapo, twende tumsalimie mtoto wake. Kwa hiyo tuliendelea mpaka Oraba, tukapita foleni ndefu ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Kaya, ng'ambo ya mpaka, na wabadilishaji fedha wakatugongea kioo wakidhani tunasafiri. Mume wangu alikuwa amesimama na dereva wa lori, kalamu iko sikioni. Aliona gari la buluu, akatabasamu. Kisha akaona nani amekaa mbele, na tabasamu likakatika. Alikuja karibu, akainama dirishani, akamwamkia mama yake kwa heshima zote, huku macho yananiuliza mimi kuna msiba gani.

"Hakuna kitu," mama yake akamwambia. "Tumebadilisha oili."

Jumamosi nilishika nafasi ya nne, jambo ambalo kwangu lilikuwa kubwa. Mama mkwe alifika na majirani wake wawili kutoka Koboko na sufuria la wali lililofungwa kwa kitambaa. Walikaa kwenye mkeka nyuma ya kamba, mbali kidogo na vumbi. Nilipopita niliwaona wamesimama wote watatu. Baadaye jirani mmoja aliniambia kwamba kila mtu aliyekaa karibu nao alielezwa, apende asipende, nati ipi hufunguliwa kwanza. Mume wangu alikuja kwa kuchelewa, na mama yake akamtuma akatafute maji ya kunywa.