Mshale Uliosema Sitini

Puu. Sauti moja tu, kama gunia la mihogo mikavu likitupwa kutoka juu ya lori. Kitwa aliisikia mara moja katika barabara ya Kaniama, jua likiwa utosini, na mpaka leo haijamtoka. Huisikia anapogonga nyundo. Huisikia mkewe anapofunga mlango.

Wakati ule alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa mahindi. Mvua ilikuwa imeichimba barabara, na tajiri akaifunga pikapu yake matairi makubwa ili tumbo la gari lisikwaruze matuta. Hakuna aliyegusa kitu kingine. Ndivyo wafanyavyo wengi Kamina: ukiyapata matairi makubwa unayafunga, unayamwagia bia kidogo kwa furaha, unaondoka. Lakini tairi kubwa humeza njia zaidi kila linapozunguka, na mshale wa mwendo haujui. Mshale ulisimama kwenye sitini. Kitwa aliutazama, akauamini, akaingia kona ya shule gari likikimbia zaidi ya sabini. Mwanamke mmoja, jina lake Mbombo, alikuwa anavuka na beseni la unga kichwani.

Unga uliruka juu ukawa wingu. Kabla haujatua, watu walikuwa wamekwisha kumtoa Kitwa kupitia dirishani. Jembe likampasua bega. Jiwe likamvunja taya. Mtu mmoja aliukanyaga mkono wake wa kushoto, akaukanyaga tena, taratibu, kama anayezima kaa la moto. Kitwa alijiburuta hadi chini ya gari lile lile, injini ikimuunguza mgongo, huku wakimchoma kwa miti kama panya aliyekimbilia shimoni. Waliomwacha hawakumwacha kwa huruma. Lori la wanajeshi wa Base, kambi ya jeshi ya Kamina, lilipita, risasi zikalia hewani, watu wakatawanyika.

Taya liliungana kombo. Tangu hapo maneno yake hutokea pembe moja ya mdomo, na usukani hajaushika tena. Akawa fundi. Kila gari linalofungwa matairi makubwa kibandani kwake nyuma ya soko, mshale wake lazima urekebishwe. Huchora chaki ubavuni mwa tairi, husukuma gari mpaka chaki irudi chini, kisha hupima ardhi iliyomezwa. Halafu hulala chini ya gari na kuchomoa kwenye gia boksi kile kigurudumu kidogo cha plastiki chenye meno, kinachozungusha waya wa mshale. Mahali pake huweka kingine chenye meno machache zaidi, ili waya uzunguke upesi na mshale useme kweli.

Jumamosi moja asubuhi Matthias, ambaye hubeba watu na mizigo kwenda Kaniama, alisimama mlangoni mwa kibanda. Matairi yake mapya yalikuwa yamefungwa, abiria wamekwisha kupanda nyuma pamoja na kuku wao, lakini Kitwa alikuwa amekwisha kukichomoa kile kigurudumu. Tundu lilikuwa wazi. Kama gari lingeondoka hivyo, mafuta yote ya gia boksi yangemwagika njiani.

"Papa Kitwa, bantu bananingoja. Rudisha ile kintu, tuende."

"Bado. Ile inasema bongo, inadanganya. Ningoje nitafute ingine mu ile motoka ilikufa."

"Ile mushale ya compteur iko paka maua tu ya mu motoka! Minyi naendesha na masikio."

"Na masikio?" Mama Gisèle, muuza kuku, alipaza sauti kutoka juu ya mizigo. "Njo maana ile siku ulituingiza mu mufereji! Masikio ilikuwa inaangalia wapi?"

Abiria wakacheka. Uso wa Matthias ukakaza.

"Ni weye uliua muntu," alimwambia Kitwa. "Hapana minyi. Leta!"

Kitwa alikiweka kile kigurudumu juu ya kipande cha reli, akainua nyundo, akakiponda.

Kicheko kikakatika. Matthias alinyanyua spana ya magurudumu na kumpiga nayo ubavuni, kitu ndani kikalia kama ukuni unaovunjika. Kitwa akaanguka magotini. Teke likafuata kinywani, kwenye taya lile lile, na jino likadondoka mavumbini. Matthias akamshika ukosi, akamgongesha kichwa kwenye mlango wa gari, mara damu ikachora mstari juu ya rangi nyeupe.

"Utamuua!" Mama Gisèle alipiga kelele. "Matthias! Nani atatengeneza?"

Hilo ndilo lililomsimamisha. Aliachia. Kitwa alitema damu, akatambaa hadi kwenye gari bovu lililolala uani, akachomoa kigurudumu chenye meno machache kilichokuwa huko, akarudi chini ya gari la Matthias. Damu ilimtiririkia sikioni alipokuwa akikaza. Kuku tu ndio waliolalama.

"Ingia," Matthias alisema alipomaliza. "Tunaenda kuangalia. Kama inadanganya, nitakutupa mu barabara."

Kitwa aliketi mbele akiukumbatia ubavu wake. Mji ukaisha, vumbi jekundu likaanza. Matthias aliinamisha kichwa, akausikiliza mlio wa injini anaoujua.

"Sasa tuko sitini," alisema.

Akatazama mshale. Ulikuwa umepita sabini. Akakigonga kioo kwa kidole; mshale haukurudi. Akafungua simu, ramani ikahesabu mwendo wao, na simu nayo ikasema kama mshale. Matthias alivitazama viganja vyake juu ya usukani, vilivyokuwa bado na damu ya mwenzake, lakini mguu wake ulikuwa umesahau kuinuka.

Kona ile ile ya shule ilijitokeza. Pembeni mwa barabara mwanamke alikuwa ametanguliza mguu mmoja, beseni kichwani.

Kitwa aliuweka ule mkono wake wa kushoto, uliopinda tangu siku ile ya kukanyagwa, juu ya goti la Matthias.

"Punguza, mutoto yangu," alisema, kwa sauti ambayo hata Mama Gisèle nyuma yao hakuisikia. "Umuache apite."