Mafuta ya Kijani

Fundi mmoja wa magari mtaani Parklands alifungua kopo la mafuta ya kijani, na harufu ile ikanisimamisha mlangoni.

Baba alikuwa dereva wa tajiri huko Spring Valley, nasi tuliishi katika vyumba vya wafanyakazi nyuma ya nyumba. Gari la tajiri halikuwa na springi za chuma. Liliinuliwa na mafuta hayo ya kijani, yenye presha. Kabla ya kuingia chini yake kufungua paipu ya mafuta, Baba alikuwa akilitegemeza kwa magogo.

"Presha ikitoka, hii gari inalala," aliniambia.

Jumapili moja paipu ilianza kuvuja, na magogo yalikuwa yameliwa na mchwa. Baba aliomba muda atafute mengine, lakini tajiri alikuwa na haraka ya kwenda Kitisuru. Akamwita mtu wa bustani, jirani yetu.

"Ingia wewe. Huyu anaogopa."

"Usiingie, ndugu yangu," Baba alisema.

Jirani aliingia chini ya gari. Nilisikia mafuta yakifoka, kisha gari likashuka taratibu, na jirani yetu akapiga ukelele mmoja tu. Baba alipolinyanyua kwa jeki, mtu alikuwa ameshakata roho.

Polisi alipofika, tajiri alimwambia kwamba marehemu aliingia bila kutumwa. Akamgeukia Baba.

"Si ndivyo, dereva?"

Mjane wa jirani yetu alikuwa amesimama hapo, ameuma pindo la leso. Baba alitazama mlango wa chumba chetu.

"Ndivyo, bwana."

Wiki iliyofuata mama yule alifunga mizigo yake na kurudi kwao na watoto. Sisi tulikaa pale mpaka nikamaliza shule.