Figa la Ngazidja

Jua halijatoka vizuri Kyela mjini, na Tausi Ridhwani (54) tayari anageuza vitumbua kwenye baraza ya nyumba ya marehemu mama yake. Kikaango kimekaa juu ya mafiga matatu. Mawili ni ya tofali. La tatu ni jiwe jeusi lenye vitundu, na ole wake atakayeligusa.

"Ndaga fijo, mama," mteja anashukuru, kisha anachokoza: "Mawe kama hilo si yamejaa Tukuyu? Ya nini kulibeba toka ng'ambo?"

"Ya Tukuyu hayana habari zangu," anajibu bila kuinua macho.

Jiwe limetoka Ngazidja, kisiwa cha Komoro chenye mlima unaotema moto, alikozaliwa bibi mzaa mama yake. Mwaka jana kaka yake, Yasini, mwenye duka Kasumulu, alitangaza kuiuza nyumba hii. Tausi, mjane aliyeishi humu miaka kumi na tisa na kumuuguza mama yao mpaka mwisho, aliambiwa atafute mume wa kumweka.

Badala ya kufunga virago, alikata tiketi.

"Walisema nimechanganyikiwa. Nikasema sawa, naenda kuchanganyikiwa vizuri."

Alibeba mchele wa Kyela kilo tano na chungu cha wafinyanzi wa Ikombe, alichokipakata njia nzima. Kisiwani alikuta sura za Bara, za Kiarabu na za Bukini, yaani Madagaska, katika familia moja, na lugha aliyoielewa nusu. Nyumba ya bibi bado ipo, inakaliwa na binti wa mdogo wake bibi; ndiko lilikotoka jiwe. Kwa desturi ya huko nyumba ni ya mabinti. Mume ndiye anayehamia.

"Nilimwona mwanamume mzima, kaka wa mwenye nyumba, anabisha hodi na kusubiri mlangoni. Nililia, mwanangu."

Yasini hakubali. "Hapa ni Kyela, si Komoro," alisema kwa simu.

"Kweli," Tausi anasema. "Lakini niliporudi nikauliza. Kumbe hata hapa nina fungu langu la urithi! Sikuwahi kuuliza tu."

Shauri litasikilizwa mahakama ya mwanzo mwezi ujao. Wiki iliyopita mnunuzi alikuja na futi, akaomba jiko lisogezwe apime baraza. Tausi alimuuzia vitumbua vinne. Jiko halikusogea.

Akishinda, chumba cha mbele kitakuwa mgahawa. Na kaka yake?

"Atakaribishwa, ni damu yangu," anasema, akisukuma kuni chini ya lile jiwe. "Ila atabisha hodi."