Nilivyowatembeza Wakwe Nyumba ya Mwingereza

Nawasimulia huku bado naona haya. Kazi yangu ni kutembeza wageni katika nyumba kuukuu iliyojengwa na Mwingereza wa shamba la mkonge, hapa Kisarawe. Ukumbi wake wa nyuma wanakijiji huutumia kwa harusi.

Juzi nilikuwa hoi kwa uchovu, nikiwasubiri walimu wa madrasa kutoka Kibaha. Waliposhuka watu wenye kanzu na mabaibui, sikuuliza. Nikawapitisha chumba kwa chumba, hata kile alimofia Mwingereza. Walinifuata kimya, kwa adabu.

Mwisho bibi mmoja akanishika mkono.

“Mwanangu, tumevumilia tukidhani ndiyo mila ya ukweni. Sasa tupeleke kwa bibi harusi. Mume wake huyu hapa, kila mlango anachungulia.”