Siku Mvuke Alipoketi

Mwanamke huyu hakujua kukaa kitako. Mama yake alisema hata tumboni alikuwa akihama upande hadi upande kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba. Akila, anatembea. Akisuka nywele, msusi anamfuata na kitana. Ndugu zake wakamwita Mvuke, na jina likamganda.

Jina lenyewe lilitoka kwenye chumba cha nyuma, ambako mama na binti walitengeneza mishumaa. Mama alikuwa na maelezo yake. Nta ikiwa donge, chembe zake zimebanana, kila moja inatetemeka palepale ilipo. Hiyo ndiyo yabisi. Ipe joto, zinalegea na kuteleza, na nta inachukua umbo la chombo chochote unachoimiminia. Hicho ni kimiminika. Zidisha joto, chembe zinaachana kabisa, kila moja inashika njia yake. Hiyo ni gesi, haina umbo wala haina kwao. "Kama wewe," mama alimalizia kila mara, na binti alikuwa keshatoka nje zamani.

Sasa magoti ya mama yalikuwa yamechoka, naye alikuwa anahamia kwa mdogo wake. Ufunguo wa karakana ulining'inia kwenye msumari kando ya mlango, na waliouwania walikuwa wawili. Mmoja ni Mvuke, aliyeifanya kazi hii tangu utoto. Wa pili ni wifi yake, ambaye hakujua kutofautisha utambi na kamba ya kiatu, ila akiketi ameketi, kama gunia la mkaa. Mama hakuzungusha maneno. Mvuke atengeneze mishumaa minene iliyoagizwa na hoteli, peke yake, mwanzo hadi mwisho. Akishindwa kutulia, ufunguo ni wa wifi. Jioni atakuja kutazama.

Asubuhi Mvuke aliteleka sufuria kubwa yenye maji, akaipachika ndani yake sufuria ndogo yenye nta. Nta haiwekwi juu ya moto mtupu. Maji yakishachemka hayazidi joto lile. Moto wote unaobaki unakwisha kuyageuza kuwa mvuke. Kwa hiyo maji yakiwapo, nta nayo haivuki hapo. Ikayeyuka vizuri, akaimimina kwenye kalibu, utambi katikati.

Hapo ndipo kazi inapomtesa mtu wa aina yake. Nta inaganda kuanzia pembeni kuja ndani, na ikiganda inasinyaa, inaacha shimo katikati. Lazima usubiri, kisha ulijaze kwa nta ya moto. Usubiri, yaani uketi. Mvuke aliketi. Akainuka. Akafuta meza iliyokwisha kufutwa. Akazigusa kalibu, akapangusa kidole, akazigusa tena. Nta ya kujazia ilikuwa imetulia juu ya jiko la mkaa, ndani ya maji yake, moto unawaka. Alijiambia anavuka tu kwa mshonaji jirani, anachungulia na kurudi.

Kwa mshonaji kulikuwa na maneno mapya kuhusu harusi iliyovunjika, na maneno ya harusi iliyovunjika hayachunguliwi. Alipogeuka, moshi mweupe ulikuwa unatoka dirishani kwake.

Alikimbia, mshonaji nyuma yake. Maji ya sufuria kubwa yalikuwa yamekwenda yote hewani, hakuna hata tone. Nta imepata moto ikapita kiasi, ikaanza nayo kugeuka gesi, na gesi ile ikashika moto. Mshonaji alikwisha kunyanyua ndoo ya maji.

"Weka chini hiyo ndoo," Mvuke alisema.

"Shoga, nyumba inaungua."

"Ukimwaga maji humo yatageuka mvuke kwa mpigo mmoja, yaturushie nta usoni. Weka chini."

Alichukua mfuniko mpana, akausukuma taratibu kutoka pembeni mpaka ukaziba sufuria. Akaukokota mkaa nje ya jiko kwa koleo. Moto ulikosa hewa, ukafa. Mshonaji akataka wafunue waone kumebaki nini. Mvuke akakataa: nta ingali kali, ikipata hewa itawaka upya. Akavuta kigoda, akaketi mbele ya jiko.

Mshonaji alimsihi angalau atoke akapunge hewa. Hakutoka. Mikono ilimwasha, shingo ilimwasha, mguu wa kulia ulipiga sakafu kama cherehani. Macho yalikuwa kwenye mfuniko, na moyo kwenye ule ufunguo msumarini, ambao kwa hesabu zake ulikwisha kuwa wa wifi.

Jioni mama alimkuta hivyo. Alitazama masizi ukutani, akagusa mfuniko kwa nyuma ya kidole, akaona umepoa, akafunua. Ndani nta ilikuwa imeganda, kahawia, inanuka. Kwenye kalibu, kila mshumaa ulikuwa na shimo lake katikati.

"Maji yalikauka," Mvuke alisema. "Nilikuwa kwa jirani."

"Na baadaye?"

Mshonaji ndiye aliyejibu, akasema amembembeleza mpaka ulimi umekauka, hakuinuka.

"Mama, mguu haukutulia hata kidogo," Mvuke alisema. Alikuwa si mtu wa kuficha.

"Mguu acha utikisike," mama alisema. "Mimi ninayoyahesabu ni makalio, nayo hayakuinuka."

Akaushusha ufunguo msumarini, akamtupia. "Tia maji, uyeyushe nyingine. Mashimo hayo hayajijazi."

Mvuke alijaza maji mpaka ukingoni, akakaa. Akainuka kuchungulia maji. Akakaa tena.