Sufuria ya Mgowe Ilipohamia Mkiani mwa Mfereji

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, mwanamke mmoja aliingia katika karakana yangu Mafinga akaomba nimtengenezee fito sita za kupimia kina cha maji. Alitaka mbao ya paina iliyokauka sawasawa, kila ufito uwe na urefu wa mita moja, na alama za sentimita zipigwe kwa rangi isiyotoka majini. Seremala huombwa vitanda na milango. Nilizima randa ili nimsikie vizuri.

Alikuwa mtafiti, mzaliwa wa milima ya Mbeya. Mama yake alikuwa na meza ya viazi sokoni Mbalizi, na meza hiyo ndiyo iliyomsomesha. Kwa miaka kadhaa alikuwa Asia, katika taasisi inayochunguza sera: namna nchi jirani zinavyoshirikiana katika uchumi, na namna vijiji vya wakulima vilivyobadilishwa, au vilivyojibadilisha, kwa sheria za ardhi, vyama na maji. Sasa alikuwa amerudi kulinganisha mifereji ya huko na ya Mbarali.

Mimi niliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifunza ukubwani, kwa kamusi, na ripoti za Asia nilianza kuzisoma kwa sababu moja: randa yangu, pampu ya jirani na pikipiki ya mchungaji wetu vyote vimetoka huko. Nilitaka kujua watu ambao babu zao walishika jembe kama babu zetu walifanya nini. Basi nikamwuliza swali nililokaa nalo muda mrefu. Ripoti husema wakulima walikubaliana kugawana maji. Mbona hazisemi walikubalianaje?

Alicheka. "Hatusemi kwa sababu mara nyingi hatujui, fundi. Una shamba la mpunga?"

"Sina. Dada yangu ndiye mwenye majaruba."

Nikamweleza. Dada yangu mkubwa aliolewa upande wa Madibira, huko huko Mbarali, na tangu mumewe afariki analima ekari mbili peke yake. Haziko kwenye skimu kubwa ya umwagiliaji. Ziko mkiani mwa mfereji mdogo wa kikundi, mahali ambapo maji hufika yakiwa yamechoka. Msimu uliopita mpunga wake ulikauka ukiwa katika maua. Sasa kamati ya kikundi ilikuwa imeamua kukodi katapila kuchimba mfereji wote upya, kwa mchango wa shilingi elfu sabini kwa ekari. Asiyechangia, mashamba yake yangekodishwa kwa mtu mwingine msimu mzima ili mchango upatikane. Dada hakuwa na kitu, nami nilikuwa nimetoka kulipa ada za watoto. Mpangaji alikuwa ameshafika kukagua majaruba yake, akiyapima kwa hatua mbele ya macho yake.

"Basi nitapima mfereji huo huo," mtafiti alisema. "Nipeleke."

Siku ya Ijumaa tuliteremka kutoka kwenye misonobari, fito zikiwa zimefungwa juu ya gari lake. Kabla ya kufika Madibira tulikuwa tumeshavua makoti.

Watu wa kikundi, dada yangu akiwamo, walitusubiri kwenye banio, pale maji yanapotolewa mtoni. Mwenyekiti wa kikundi ni mdogo wa marehemu shemeji yangu, kwa hiyo kwa dada yangu naye ni shemeji, na utani wao haupumziki.

"Kamwene, wanyalukolo," alitusalimu kwa Kihehe, kama ndugu.

"Kamwene. Umeamka, shemeji?" dada akadakia. "Nilidhani unasubiri katapila lije likuinue kitandani."

"Subiri tu. Likija litaanza na mdomo wako, maana una kina kuliko mfereji."

Mtafiti aliwaacha wacheke mpaka wamalize. Kisha akaomba fito zisimikwe sehemu sita, kuanzia banio hadi kwa dada yangu. Yeye mwenyewe hakugusa hata mmoja. Aliwagawa watu: wenye mashamba ya juu wakasome fito za chini, na wenye mashamba ya chini wasome za juu. Mwenyekiti akapewa ufito wa sita. Mtafiti akaketi ukingoni na akina mama, akaanza kuchambua maharage ya chakula cha mchana.

Nilimwuliza kwa nini hapimi mwenyewe.

"Nikipima mimi, mwenyekiti atabishana na mimi," alisema. "Akipima yeye, atabishana na nani?"

Alikuwa ameona njia hiyo katika kijiji kimoja cha huko Asia. Kijiji hicho kilikuwa na sheria nyingine iliyonifurahisha zaidi: msimamizi wa mfereji huchaguliwa kutoka kwa wenye mashamba ya mwisho tu. Mwenye shamba la juu, hata awe hodari namna gani, hawezi kugombea. Niliifikiria sheria hiyo nikatamani niwajue walioitunga.

Waliopima walirudi mmoja mmoja. Fito nne za kwanza zilikuwa na maji ya kina karibu sawa. Wa tano ulionyesha nusu yake. Mwenyekiti alirudi wa mwisho, tope magotini.

"Fundi, ufito wako mbovu. Unasema hakuna maji."

"Ni mti tu, mwenyekiti. Hauna upande."

"Basi tubadilishe. Wa banio upelekwe chini."

Tulibadilisha. Wa banio ulipofika chini ukasimama katika tope vilevile. Hapo hapakuwa na la kubishania. Sehemu ya juu ya mfereji ilikuwa na kina cha kutosha, wala haikuhitaji katapila. Kilichoziba kilikuwa kipande cha mwisho, matete na udongo, kazi ya majembe na mafyekeo.

"Na mfereji huu huwa mnausafishaje?" mtafiti aliuliza, macho yakiwa kwenye maharage.

Wakamweleza habari za mgowe, kazi yetu ya pamoja: watu huitwa, hulima au huchimba wakiimba, kisha hula kwenye sufuria moja. Mgowe wa mfereji huanza kwenye banio, mzee wa kanisa husali hapo, na chakula hupikwa nyumbani kwa mwenyekiti, hatua chache kutoka hapo. Kutoka banio watu huchimba wakielekea chini.

"Kila mwaka nasikia nyimbo zenu zikija," dada yangu alisema. "Halafu nazisikia zikirudi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Kila mmoja alijua kinachozirudisha. Jua likifika utosini harufu ya nyama hupanda, na matete ya mwisho huachwa hadi mwakani. Hapakuwa na ubaya wa mtu hata mmoja. Kwa miaka yote watu walikuwa wamechimba wakiipa sufuria mgongo.

Mtafiti alipepeta maharage yake. "Sufuria yenyewe ni nzito sana?"

"Mama, unataka kusema ihamishwe?" mwenyekiti aliuliza.

"Sijasema. Nimeuliza uzito."

"Nitaibeba mimi kichwani," dada yangu alisema. "Ipikwe kwangu. Kuni ninazo."

"Na sala? Sala ni ya kwenye banio."

"Salini kwenye banio, shemeji. Mungu ana miguu, atawafuata."

Mzee wa kanisa ndiye aliyeanza kucheka, na mambo yakaishia hapo. Walikubaliana mgowe ufanyike Jumamosi ya wiki iliyofuata. Ufito wa sita usipopata maji, katapila lingekuja na michango ingedaiwa.

Njiani kurudi nilimwambia mtafiti kwamba kama ningesoma habari hiyo kwenye ripoti, ingeitwa mageuzi ya usimamizi wa maji. Alisema jina si kosa. Mageuzi mengi aliyoyaona Asia yalifika na mitambo, yakaondoka nayo. Yaliyodumu yalitafuta kwanza kitu ambacho watu tayari wanakifuata bila kusukumwa. Sijasikia mtu akieleza kazi yake kwa maneno machache hivyo.

Jumamosi hiyo nilikwenda tena. Watu walichimba wakishuka, na kila walivyoshuka, harufu ilizidi. Kufikia kipande cha matete walikuwa wanakaribia kukimbia. Dada yangu aliwaachia wenzake mwiko, akasimama kando ya ufito wa sita. Maji yalikuja na povu na vijiti, yakapanda taratibu mpaka yakagusa alama nyekundu ya ishirini, nayo nilikuwa nimeipaka kwa mkono wangu.

Mtafiti alipopewa sahani alishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," na dada akamjibu kwa Kihehe, wakaelewana. Mwenyekiti alimletea dada yangu sahani kwa mikono miwili.

"Kula, shemeji. Leo mpishi anatangulia."

"Nitakula. Kwanza mpigie simu mpangaji wako."

Alipiga palepale, sauti juu ili sote tusikie, akamwambia yule bwana atafute majaruba kwingine. Katapila halikuja. Mchango ulifutwa, na kwa ekari zake mbili dada yangu akaokoa shilingi laki moja na arobaini elfu, ambazo hakuwa nazo.